Albamu moja ya Sunburst, babu na mjukuu: kila mmoja alisikia wimbo wake

KITENDAGURO, Bukoba. Vijana waliounda bendi ya Sunburst jijini Dar es Salaam mwaka 1970 walichagua wakati mbaya wa kupenda muziki wa souli. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 1969, viongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo uliijumuisha Dar es Salaam, walikuwa wamepiga marufuku muziki huo. Ulitoka Marekani, ulikuwa na kelele, ulijaza kumbi, na wakubwa waliona unawapotosha watoto wa watu.

Marufuku hiyo haikuja peke yake. Tangu Januari 1 mwaka huo, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa ukiendesha Operesheni Vijana, ikilenga sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Kwa upande wa krimu, ukweli usemwe, walikuwa na hoja, maana baadhi zilikuwa na zebaki, na zebaki huharibu figo. Kwa upande wa muziki, hoja ilikuwa nyepesi zaidi. Haikupita muda vijana wakawa wanavaa bugaluu na raizoni, nywele wamezifuga, na wanapiga souli na fanki kwa maneno ya Kiswahili.

Sunburst walikuwa miongoni mwao. Mwimbaji wao alikuwa James Mpungo, na gita lilikuwa mikononi mwa Hembi Flory Kongo. Walichukua besi nzito ya fanki, kinanda cha umeme na ngoma zenye matasa, wakachanganya na midundo ya nyumbani, wakaimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 1976 albamu yao, Ave Africa, ikatoka. Ilitoka Zambia, wala hilo si ajabu sana. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi nyingi za hapa ziliishia kurekodi kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako nyimbo zilipigwa hewani na kisha kuhifadhiwa. Aliyetaka santuri alilazimika kuvuka mpaka, mara nyingi kwenda Nairobi.

Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut iliitoa upya Ave Africa pamoja na nyimbo nyingine ambazo bendi hiyo ilirekodi kati ya 1973 na 1976. Tangu hapo, mtu mwenye simu na bando haihitaji santuri wala gramafoni. Ndivyo albamu hiyo ilivyofika katika nyumba moja ya Kitendaguro, Manispaa ya Bukoba, na kuzua ubishi ulioishia kwenye chumba cha kupimia masikio.

Matasa yaliyopotea

Familia hiyo, ambayo iliomba majina yake yasitajwe, inaishi kwenye kibanja chenye migomba na kahawa kama familia nyingi za huko. Babu ni mwalimu mstaafu aliyesoma sekondari Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Binti yake anafanya biashara ya nguo mjini. Mjukuu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya bweni, na alikuwa amerudi likizo.

Ni babu aliyeomba. Alimwambia mjukuu amtafutie bendi ile ya kina Mpungo ambayo aliwahi kuisikia ujanani, akidhani ni jambo lisilowezekana. Kijana aliipata kwa dakika moja. Jioni hiyo sabufa ikawashwa sebuleni, babu akasogeza kiti karibu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wawili hao wakasikiliza kitu kimoja.

Furaha ilidumu nyimbo mbili. Mjukuu akaanza kusifia matasa, yale masahani ya shaba ya mpiga ngoma, jinsi yanavyochekecha juu ya besi. Babu akauliza matasa gani. Alisikia besi vizuri sana, alisikia ngoma kubwa na sauti ya mwimbaji, lakini maneno alikuwa akiyakisia zaidi ya kuyasikia. Akasema waliotoa upya albamu wameiharibu. Mjukuu akarudisha wimbo mwanzo, akaongeza sauti. Babu akasikia besi zaidi, basi. Ubishi ukaendelea hadi chakula, na mama aliyekuwa jikoni akimenya ndizi akasema wote wawili wana matatizo, kwa sababu na huyo kijana ameitwa mara nne kuchota maji na hakuitika.

Alisema kwa utani. Baadaye usiku, alipolifikiria, lilimnyima usingizi.

Kwa muda mrefu kidogo alikuwa akimwona mwanawe mkaidi. Akiitwa haji. Akielezwa jambo anajibu kingine. Shuleni mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba kijana hazingatii. Nyumbani dawa ya ukaidi huo ilikuwa kufoka, na mara moja simu ilinyang'anywa kwa wiki mbili. Kijana mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu kwamba usiku, taa zikizimwa na bweni likitulia, masikio yake hulia kama nyenje. Alidhani kila mtu anasikia hivyo. Alilala na hedifoni zikiwa masikioni ili nyenje hao wasisikike, na wao wakazidi.

Hapo ndipo habari ya albamu ya mwaka 1976 inapoingia kwenye ukurasa wa wazazi.

Kinachotokea ndani ya sikio

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono. Ndani yake kuna seli zenye vinyweleo, yapata 15,000 kila upande, ambazo hupokea mtetemo wa sauti na kuugeuza kuwa ujumbe unaopelekwa kwenye ubongo. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Ngozi ikichubuka inajirudisha na mfupa ukivunjika unaunga, lakini vinyweleo hivi mtu hupewa mara moja tu maishani.

Seli zinazopokea sauti nyembamba ziko mlangoni mwa konokono huyo, na ndizo zinazoumia mapema, kwa uzee na hata kwa kelele. Ndiyo maana mzee hupoteza matasa, milio ya ndege na herufi kama "s", "f" na "sh" wakati bado anasikia besi na ngurumo za radi. Anasikia kwamba unasema, hapati unachosema. Nyumba nyingi hulitafsiri hilo kuwa babu "anasikia anachotaka," na watu wakacheka. Babu naye huchoka kuuliza mara ya tatu, akaanza kukaa kimya kwenye mazungumzo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba upotevu wa usikivu usioshughulikiwa huwaweka watu katika upweke na kuwanyima kazi na masomo.

Kwa kijana mambo huanza kwa ujanja zaidi. Baada ya saa kadhaa za sauti kubwa, seli huchoka, masikio yanaziba kidogo au yanalia, na kesho yake yanakuwa kama yamepona. Mtu anarudia. Kila mara seli chache hazirudi. Kuja kugundua, kipimo kinaonyesha bonde katika sauti nyembamba, na bonde hilo halifukiwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 duniani, wenye umri wa kati ya miaka 12 na 35, wako katika hatari kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki.

Sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake si kama ya kilo za sukari. Mazungumzo ya kawaida ni takriban desibeli 60. Kwenye 85, wataalamu wanahesabu saa nane kuwa ndio mwisho wa usalama kwa siku. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu, kwa hiyo 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Ukifika 100, ambako simu nyingi zenye hedifoni hufika sauti ikifunguliwa yote, umebakiwa na dakika 15. Nyimbo tatu nne na posho ya siku imekwisha. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, wakati watu wazima ni desibeli 80 kwa saa hizo hizo.

Saa 40 kwa wiki ni chini kidogo ya saa sita kwa siku. Kijana anayelala na hedifoni usiku kucha amezimaliza kabla ya Ijumaa, hata kama sauti ni ya wastani.

Kuna jambo jingine dogo linalowahusu wanaopenda nyimbo za zamani. Rekodi nyingi za miaka ya 1970 zilifanywa kwa sauti ya chini kuliko za leo, zikiacha nafasi kati ya sehemu tulivu na sehemu ya kelele. Msikilizaji hupandisha sauti ili azipate vizuri, kisha simu yenyewe ikaruka kwenye wimbo wa mwaka huu uliorekodiwa kwa nguvu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na masikio yakapigwa kofi. Anayechanganya Sunburst na Bongo Fleva kwenye orodha moja aweke kidole karibu na kitufe cha sauti.

Safari ya Mwanza

Mama alianza na kituo cha afya cha karibu. Muuguzi alimulika masikio ya kijana na kukuta nta iliyoziba upande mmoja, akailainisha na kuisafisha kwa siku kadhaa. Kijana akasikia vizuri zaidi upande huo, lakini nyenje wakabaki. Ndipo yeye na babu yake wakapewa barua ya kwenda kupimwa usikivu Mwanza, wakapanda meli usiku na kuamka upande wa pili wa ziwa.

Kipimo chenyewe hakiumi. Mtu anakaa kwenye chumba kisicho na kelele, anavaa hedifoni, na kila akisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, anabonyeza kitufe. Mstari wa babu kwenye karatasi ulianza vizuri upande wa sauti nene ukashuka kama mteremko wa kutoka Kitendaguro kwenda ziwani. Mstari wa mjukuu ulikwenda sawa, ukazama kidogo sehemu moja ya sauti nyembamba, kisha ukapanda tena. Daktari aliueleza mzamo huo kuwa ni alama ya kelele. Ulikuwa mdogo. Hakuhitaji kifaa cha kusikia, ila hawezi kurudishiwa kilichoondoka, na kinachobaki kinategemea atakavyosikiliza kuanzia siku hiyo.

Mama alilia, si kwa ukubwa wa tatizo. Alikumbuka zile wiki mbili za simu na maneno aliyomwambia.

Wazazi wengi wangefanya kama yeye, na ni rahisi kuona kwa nini. Mtoto asiyesikia vizuri hafanani na mgonjwa. Anafanana na mtoto asiye na adabu. Anaongeza sauti ya televisheni, anasema "eeh?" mara kwa mara, anaangalia midomo ya anayeongea, anashuka darasani hasa akikaa nyuma, na huitika vizuri akiwa karibu lakini siyo akiwa chumba kingine. Mzazi anaweza kujaribu nyumbani kabla ya kufoka. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono, azibe sikio moja kwa kidole akiwa anakisugua polepole, kisha umnong'oneze maneno matatu ayarudie. Asipoyapata mara mbili, anapaswa kuonwa na mtaalamu. Hilo halichukui nafasi ya kipimo, lakini linatosha kumtoa mzazi kwenye neno "mkaidi."

Na si kila sikio limeharibiwa na muziki. Mkoani Kagera, kama kwingine nchini, watoto wadogo wanapata uambukizi wa sikio unaotoa usaha, na wengi hukaa nao kwa miezi wakidondoshewa mafuta ya moto au maji ya majani. Usaha uliodumu unatoboa ngoma ya sikio, na mtoto anapaswa kufikishwa hospitali mapema. Vijiti vya pamba navyo husukuma nta ndani badala ya kuitoa. Kwinini, ambayo wazee wa Bukoba wanaikumbuka vizuri kwa malaria, huweza kuleta mlio masikioni, na dawa ya sindano ya gentamaisini inaweza kudhuru usikivu. Mgonjwa akisikia mlio akiwa kwenye matibabu amwambie daktari siku hiyo hiyo, asiache dawa mwenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Kupiga marufuku au kupunguza sauti

Waliporudi nyumbani, wazo la kwanza la mama lilikuwa lile lile la viongozi wa mwaka 1969. Simu ikae kabatini, hedifoni zichomwe moto, muziki basi.

Babu ndiye aliyepinga. Aliikumbuka marufuku ya souli, na alikumbuka kwamba haikuwazuia. Muziki ulihama kutoka kwenye kumbi ukaingia vyumbani, na mkubwa akipita mtu anabadili stesheni. Kwa watu wa Bukoba hata hivyo redio za ng'ambo hazikuwa mbali. Kampala ni takriban kilomita 300 kwa barabara, karibu kuliko Dar es Salaam kwa mbali sana. Hoja yake kwa binti yake ilikuwa kwamba kijana akinyimwa muziki sebuleni ataupata bwenini, chini ya blanketi, kwa hedifoni za kuazima, na huko hakuna wa kumwambia punguza.

Ni hoja ya nguvu, na ina ushahidi wa Sunburst wenyewe. Mwaka mmoja baada ya marufuku bendi ilikuwepo, na miaka sita baadaye ikawa na albamu. Yaliyokatazwa yalikuwa maneno na mitindo, wakati kinachodhuru kijana huyu ni ukubwa wa sauti na muda. Wazazi wengi bado wanachanganya hayo mawili. Wanagombana na nyimbo wasizozipenda na kuacha kwaya, harusi na mahubiri yapigwe kwa spika zinazotikisa madirisha, kana kwamba sikio linajua wimbo upi ni wa heshima. Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni mbele ya spika za harusi hawezi hata kuziba masikio.

Wahaya walikuwa na muziki uliodai kitu tofauti. Nanga, ala ya nyuzi iliyopigwa na msimulizi wa tenzi, haina sauti kubwa. Ili uisikie, watu wote chumbani hunyamaza. Ni vigumu kuirudisha nyumba ya leo kwenye nanga, lakini inafaa kukumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo msikilizaji ndiye aliyejisogeza kwenye muziki.

Walichokubaliana hatimaye ni cha kawaida kabisa. Kwenye simu ya kijana waliweka kikomo cha sauti, ambacho simu nyingi za kisasa kinapatikana kwenye mipangilio ya sauti, na wakakiweka asilimia 60. Hedifoni hazilali kitandani. Baada ya saa moja ya kusikiliza masikio yanapumzishwa, na kwenye daladala au karibu na jenereta hazivaliwi kabisa, kwa sababu mtu hupandisha sauti kuishinda kelele ya nje bila kujua. Kipimo cha jirani pia kinatumika: aliye umbali wa mkono akiusikia wimbo unaotoka kwenye hedifoni zako, umezidisha. Sabufa imetolewa pembeni mwa kiti cha babu. Kijana ameambiwa akae mbele darasani, na mama alikwenda mwenyewe kumweleza mwalimu kwa nini.

Nyenje hawajaondoka, lakini usiku kijana huwasha feni ndogo, na sauti yake laini huwafunika kuliko hedifoni zilivyowahi kufanya. Kipimo cha pili ni baada ya miezi sita.

Babu bado hajapata kifaa cha kusikia. Bei yake imeisimamisha familia kwanza, na wanasubiri kahawa iuzwe. Kwa sasa wamejifunza kumkabili usoni wakati wa kuzungumza, kusema polepole badala ya kupaza sauti, na kuzima redio mazungumzo yakianza. Jumapili mchana yeye na mjukuu husikiliza wimbo mmoja mmoja wa Ave Africa, kwa sauti ya wastani. Matasa yakifika, kijana huyagonga kwa kidole juu ya meza ili babu ajue yalipo.